Kuhifadhi Matunda kwa Kubadili Hewa: Historia ya Maarifa Yake

Tunda likishachumwa mtini, watu wengi hulihesabu kuwa ni kitu kilichokwisha kufa, kinachongoja kuoza tu. Dhana hiyo si kweli. Tunda, jani na mzizi huendelea kuishi baada ya kuvunwa: huvuta oksijeni, huiteketeza sukari iliyomo ndani yake, na hutoa hewa ukaa, maji na joto. Akiba ya sukari haiongezwi tena, kwa kuwa njia ya kutoka mtini imekwisha katwa. Basi tunda hujila lenyewe, na kadiri pumzi yake inavyokwenda mbio ndivyo siku zake zinavyopungua. Historia ya kufungasha mazao mabichi katika hewa iliyobadilishwa ni historia ya jinsi wanadamu walivyoutambua uhai huo, na jinsi walivyojifunza, kwa hasara nyingi, kuupunguza mwendo wake bila kuuzima.

Wenyeji wa pwani ya Afrika ya Mashariki waliujua upande mmoja wa jambo hili tangu kale, na lugha yao imeyahifadhi maarifa hayo. Kuvumbika ndizi, ambako wengine huita kuvundika, ni kuziweka zikiwa mbichi mahali palipofunikwa, kama vile shimoni au katika majani makavu, ili ziive upesi na kwa pamoja. Aliyevumbika hakuhitaji kujua kemia. Alijua kwamba hewa iliyofungiwa pamoja na tunda si sawa na hewa ya nje, na kwamba tofauti hiyo hutenda kazi. Kitendo hicho huharakisha kuiva. Swali lililowashughulisha wataalamu wa Ulaya na Marekani kwa zaidi ya miaka 100 lilikuwa kinyume chake: je, hewa iliyofungiwa yaweza pia kuchelewesha?

Miongoni mwa watu wa kwanza kulijibu swali hilo kwa majaribio ni Jacques Étienne Bérard, mwanakemia wa Montpellier katika Ufaransa. Mwaka wa 1821 ulichapishwa uchunguzi wake juu ya kuiva kwa matunda, ambao ulimpatia tuzo ya Chuo cha Sayansi cha Paris. Bérard aliyafungia matunda katika vyombo, kisha akaipima hewa iliyobakia. Alikuta oksijeni imepungua na mahali pake pameshikwa na hewa ukaa. Tena aliona kwamba tunda lililonyimwa oksijeni huacha kuiva. Na likirudishwa katika hewa ya kawaida kabla ya muda kupita kiasi, huendelea kuiva kana kwamba halikupatwa na neno.

Bérard alieleza pia namna ya kuitumia elimu hiyo. Chini ya chupa huwekwa uji mzito wa chokaa, salfeti ya chuma na maji, ambao huinyonya oksijeni. Juu yake hupangwa matunda yaliyochumwa siku chache kabla ya kuiva, yasiuguse uji, kisha chupa huzibwa kabisa. Kwa njia hiyo mapichi, plamu na aprikoti yaliweza kukaa siku 20 hadi mwezi mmoja, na peasi na matufaha kiasi cha miezi 3. Walakini aliongeza onyo: muda huo ukizidishwa sana, tunda hubadilika kwa namna ya pekee, wala haliivi tena kamwe. Onyo hilo lina uzito kuliko maelezo yote ya chupa. Ndani yake mna kanuni ambayo wote waliomfuata walilazimika kuigundua upya, yaani, kwamba kila tunda lina mpaka wake wa kuvumilia.

Elimu ya Bérard ilikaa muda mrefu bila kuzaa biashara. Katika miaka ya 1860, Benjamin Nyce alijenga ghala la matunda huko Cleveland, katika jimbo la Ohio, Marekani. Alizitengeneza kuta zake zisipitishe hewa, akaupoza ukumbi kwa barafu, na akatumia kloridi ya kalisi kunyonya unyevu. Matufaha yalikaa humo miezi mingi, lakini njia hiyo haikuenea. Yaonekana kwamba kilichokosekana hakikuwa wazo. Bérard alikuwa na kipimo lakini hakuwa na ghala; Nyce alikuwa na ghala, lakini katika zama zake hapakuwa na jedwali lililoonyesha ni kiasi gani cha hewa hii au ile kinachofaa tunda gani, na katika baridi gani. Pasipo jedwali hilo, kufungia matunda ni kubahatisha, na mwenye mali hawezi kuitia mali yake yote katika bahati.

Jedwali lilipatikana kutokana na njaa ya vita. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Uingereza, nchi iliyotegemea sana chakula kutoka ng'ambo, iliona hatari ya kukosa vyakula na hatari ya kuviacha viharibike. Serikali yake ikaunda bodi ya kuchunguza mambo ya chakula, na katika mwaka wa 1918 Franklin Kidd na Cyril West walianza kazi yao juu ya matunda huko Cambridge. Kidd hakuanzia kwenye matunda. Kabla ya hapo alikuwa amechunguza jinsi hewa ukaa inavyozizuia mbegu zisiote, akaona kwamba mbegu iliyozuiwa haikufa bali imelala. Kutoka kwenye mbegu iliyolala hadi kwenye tunda lililolala ilikuwa hatua moja tu, lakini ndiyo hatua iliyoyageuza mambo. Kituo cha uchunguzi wa baridi kilipofunguliwa Cambridge mwaka wa 1922, kazi ya wawili hao ilipata mahali pa kudumu.

Karibu na wakati huo ulitokea msiba uliowafunza wafanya biashara. Shehena za matufaha kutoka Australia zilikuwa zikifika Uingereza zikiwa na sura nzuri kwa nje, lakini tunda likipasuliwa, moyo wake hukutwa umegeuka rangi ya kahawia na kuharibika. Kidd na West walionyesha kwamba maradhi hayo, waliyoyaita moyo wa kahawia, hayakuletwa na ukungu wala mdudu. Matufaha yenyewe yalikuwa yamepumua katika ngama ya meli iliyofungwa mno, hewa ukaa ikajaa kupita kiasi, na tunda likajidhuru kwa pumzi yake. Taarifa yao ya mwaka wa 1923 juu ya maradhi hayo ilithibitisha mambo mawili kwa pamoja: kwamba hewa ukaa ina nguvu kubwa juu ya tunda, na kwamba nguvu hiyo ni dawa kwa kiasi kimoja na sumu kwa kiasi kingine.

Baada ya hapo walitafuta kiasi. Hewa ya kawaida ina oksijeni kiasi cha sehemu 21 katika 100, na hewa ukaa iliyomo ni chini ya nusu ya sehemu moja ya kumi. Katika chumba kilichozibwa, kila sehemu ya oksijeni ivutwayo na matufaha hulipwa kwa sehemu moja hivi ya hewa ukaa, hata jumla ya hewa hizo mbili hubaki karibu 21. Hewa ukaa ikiwa 10, oksijeni itakuwa 11. Mwenye ghala aliweza kuziongoza hewa hizo kwa kuufungua mlango mdogo wa hewa na kuufunga, bila ya kutia kitu chochote kutoka nje. Tunda lenyewe lilikuwa ndilo mtambo. Hesabu hii iliifaa sana aina ya tufaha iitwayo Bramley's Seedling, ambayo huharibika ndani ikiwekwa katika baridi kali, na kwa hiyo haikuweza kuokolewa kwa barafu peke yake. Katika baridi ya wastani na hewa ukaa ya sehemu 8 hadi 10, ilikaa muda mrefu zaidi kuliko katika hewa ya kawaida yenye baridi ile ile.

Taarifa kubwa ya Kidd na West ilitoka mwaka wa 1927. Miaka 2 baadaye, mwaka wa 1929, mkulima mmoja wa Kent, karibu na Canterbury, alijenga ghala la kwanza la biashara kwa kufuata njia hiyo. Ilipofika mwaka wa 1938 maghala ya namna hiyo yalikuwa zaidi ya 200 katika Uingereza. Yafaa izingatiwe kwamba kati ya chupa ya Bérard na ghala la Kent ilipita miaka 108.

Kutoka Uingereza elimu hiyo ilivuka Bahari ya Atlantiki. Robert Smock, wa Chuo Kikuu cha Cornell, alikwenda Cambridge katika miaka ya 1930, kisha akarudi kulishughulikia tufaha la McIntosh linalolimwa kwa wingi katika jimbo la New York. Hilo nalo huharibika katika baridi kali, lakini halivumilii hewa ukaa nyingi kama livumiliavyo lile la Kent. Hesabu ya 21 haikulifaa. Ikambidi Smock aiondoe hewa ukaa iliyozidi kwa kuipitisha katika maji ya kostiki soda, ili oksijeni na hewa ukaa zote mbili ziwe chache kwa wakati mmoja. Mwaka wa 1941 yeye na mwenzake Van Doren walichapisha kitabu chao juu ya jambo hilo, na katika kitabu hicho jina nalo lilikuwa jingine. Watu wa Cambridge walisema kuhifadhi kwa gesi. Wamarekani walisema hewa iliyodhibitiwa. Wataalamu wa lugha hawatakosa kuona kwamba jina la pili ndilo lililoshika ukweli wa jambo. Jina la kwanza humfanya msikiaji adhani kuna dawa inayomiminiwa matunda. Jina la pili humwambia kwamba ni hewa ile ile ya kila siku, ila sehemu zake zimepimwa upya.

Wakati huo huo uchunguzi mwingine ulikuwa ukielekea kwenye siri ya kuvumbika. Mwaka wa 1901 Dimitry Neljubow, huko St. Petersburg, alionyesha kwamba etilini, gesi iliyomo katika moshi wa taa za gesi, ndiyo iliyokuwa ikiipinda miche ya njegere katika maabara. Mwaka wa 1934 R. Gane, wa Cambridge, alithibitisha kwamba matufaha yanayoiva hutoa gesi hiyo hiyo. Kumbe tunda linaloiva huyaita mengine yaive nalo. Waswahili husema kwamba samaki mmoja akioza, wote wameoza. Katika matunda, msemo huo una sababu inayopimika. Ndizi zilizovumbikwa huiva upesi kwa kuwa joto na etilini yao vimefungiwa pamoja nazo, na oksijeni bado inatosha. Oksijeni ikipunguzwa sana, tunda haliwezi kuitengeneza etilini ipasavyo, kwa sababu kazi hiyo yahitaji oksijeni. Na hewa ukaa ikiongezeka, tunda halisikii vema mwito wa etilini iliyopo. Basi kuvumbika na kuhifadhi ni ndugu wa nyumba moja, waliotenganishwa na vipimo.

Inafaa kutofautisha hapa kati ya mazao na nyama. Katika miaka ya 1930 nyama ya ng'ombe ilisafirishwa kutoka Australia na New Zealand katika meli zilizotiwa hewa ukaa, na mwaka wa 1979 duka la Marks & Spencer la Uingereza lilianza kuuza nyama iliyofungwa katika hewa iliyobadilishwa. Lakini nyama haipumui kama tunda, na hewa inayotiwa humo kazi yake ni kuwazuia vijidudu na kulinda rangi. Tunda lina haja zake lenyewe. Anayelifunga lazima aufikirie uhai wake kwanza, kisha vijidudu.

Mpaka hapo hewa ilikuwa ikitawaliwa katika ghala, chini ya macho ya mlinzi mwenye vipimo. Kilichoiteremsha kazi hiyo hadi katika mfuko mmoja ni polithini, iliyogunduliwa kwa bahati mwaka wa 1933 na Reginald Gibson na Eric Fawcett katika maabara ya kampuni ya ICI huko Northwich, Uingereza. Katika miaka ya 1950 wakulima wa peasi wa magharibi ya Marekani walikuwa wakitandika karatasi ya polithini ndani ya maboksi yao. Faida yake haikuwa kuzuia hewa tu. Polithini huipitisha hewa ukaa kwa wepesi kuliko oksijeni, mara kadhaa zaidi. Katika chumba kilichozibwa, oksijeni ikishuka hadi 3, hewa ukaa hupanda hadi karibu 18, kiasi ambacho matunda mengi hayakivumilii. Katika mfuko wa polithini hewa ukaa hutoroka upesi, hata oksijeni yaweza kuwa 3 na hewa ukaa isizidi 5 au 6. Kazi aliyoifanya Smock kwa kostiki soda, karatasi nyembamba huifanya bila mlinzi.

Kwa nchi za joto, jaribio lenye maana kubwa lilifanywa Australia katika miaka ya 1960 na kuendelea. K. J. Scott na wenzake walizifunga ndizi mbichi katika mifuko ya polithini, zikabaki mbichi muda mrefu kuliko zile zilizoachwa wazi, hata bila mtambo wa baridi. Na walipotia ndani ya mfuko potasiamu pamanganeti, inayoiharibu etilini, muda ukarefuka zaidi. Ndizi haivumilii baridi iliyo chini ya nyuzi 13 hivi za sentigredi, na wakulima wake wengi hawana mtambo wa baridi hata kidogo. Kwa hiyo habari kwamba hewa peke yake yaweza kufanya sehemu ya kazi ya baridi ilikuwa habari njema kwao.

Walakini mfuko una hatari ambayo ghala halina, kwa kuwa ukishazibwa hapana anayeuangalia. Joto likiongezeka kwa nyuzi 10, pumzi ya mazao huenda mara 2 hadi 3, na upitishaji wa hewa wa karatasi hauongezeki kwa kadiri hiyo. Mfuko uliopimwa kwa nyuzi 4, ukiachwa juani sokoni, huishiwa na oksijeni. Hapo mazao huanza kuchacha, hutoa harufu ya pombe, na hufa. Tena lipo baya kuliko hilo. Mwaka wa 1975 Sugiyama na Yang, wachunguzi wa Marekani, walionyesha kwamba uyoga uliofungwa katika karatasi ya plastiki na kuwekwa mahali pa joto huimaliza oksijeni ya pakiti, na kijidudu cha Clostridium botulinum, ambacho hustawi pasipo oksijeni, kikiwamo, kinaweza kutengeneza sumu yake ya kuua huku uyoga ukionekana mzuri wa kuliwa. Tangu hapo pakiti za uyoga zilitobolewa matundu. Lile lililotokea kwa matufaha ya Australia lilikuwa limerudi kwa sura nyingine: kufunga mno hudhuru, na sura ya nje haitoi ushahidi.

Kufikia mwisho wa miaka ya 1980, majani ya saladi yaliyooshwa na kukatwa yalikuwa yakiuzwa Marekani katika mifuko iliyotiwa nitrojeni, na karatasi zikaanza kutengenezwa kwa kila zao, zenye vitundu visivyoonekana kwa macho. Vipimo vinatofautiana sana. Stroberi huvumilia hewa ukaa ya sehemu 15 hadi 20. Letusi hudhurika kwa sehemu chache tu. Hakuna karatasi moja ya mazao yote, kama ambavyo hakuna kipimo kimoja cha dawa kwa wagonjwa wote.

Afrika ya Mashariki nayo imeingia katika historia hii, na imeingia kwa njia ya bahari. Maparachichi ya Kenya husafirishwa kutoka Mombasa hadi Ulaya katika makontena yenye baridi ambamo oksijeni na hewa ukaa hudhibitiwa kwa mitambo. Safari huchukua majuma kadhaa. Tangu mwisho wa mwaka wa 2023, meli nyingi zilipoiacha njia ya Bahari ya Shamu na kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema kwa sababu ya mashambulio, safari hiyo ikarefuka zaidi, na hewa ya ndani ya kontena ikawa ndiyo inayoamua kama kazi ya msimu mzima italipwa au itatupwa bandarini. Mkulima aliyechuma mapema mno, au aliyechelewa kulipoza tunda lake, hawezi kuokolewa na hewa yoyote. Hewa iliyobadilishwa haifanyi tunda baya kuwa zuri; hulinda kile kilichokuwamo siku ya kuchumwa.

Hivyo basi, katika miaka 200 iliyopita kilichoongezeka ni ujuzi wa kadiri zaidi ya wingi wa vyombo. Bérard aliuona mpaka, Kidd na West wakaupima, Smock akausogeza, na watengenezaji wa polithini wakautia katika mfuko. Kila walipousahau, shehena ilioza au mlaji aliingia hatarini. Kiswahili kina neno moja lenye nguvu kwa kuivisha tunda kwa kulifungia hewa yake, lakini bado hakina neno moja la namna hiyo kwa kulichelewesha kwa hewa hiyo hiyo. Husemwa kwa maneno marefu, hewa iliyodhibitiwa kwa ghala na kontena, hewa iliyobadilishwa kwa pakiti. Wakulima, wachukuzi na wauzaji wanaoitumia kazi hii kila siku huenda wakalizaa neno hilo kabla ya kamusi. Vyovyote litakavyokuwa, litafaa ikiwa litamkumbusha mtumiaji kwamba anachokifunga kinapumua.